Punje Arobaini na Moja

Mshale wa mizani ulitetemeka, ukapita themanini na tano, ukarudi, ukatulia pale pale ulipotulia wiki iliyopita na wiki ya kabla yake: themanini na nne. Nilivua saa. Nikavua hereni. Nikatoa pumzi yote kifuani, kana kwamba hewa nayo ina kilo zake. Mshale haukujali.

"Wiki ya saba hii," alisema mtaalamu wa lishe huku akiandika. Alikuwa binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa, na sauti ile ilikuwa imeanza kunikera. "Mama, daftari lako linaonyesha unakula vizuri kabisa. Sijui mwili unaupata wapi uzito huu."

Mimi pia sikujua. Miezi mitano nyuma nilikuwa na kilo tisini na sita. Daktari aliniambia mbele ya mdogo wangu wa kike, bila kuzunguka, kwamba figo yangu inamfaa na damu zetu zinapatana, lakini hatanipasua nikiwa na uzito ule. Nishuke mpaka chini ya themanini, ndipo tuzungumze. Siku hiyo hiyo niliacha nyama, mayai na maziwa, nikageukia mboga, matunda, nafaka na kunde. Kilo kumi na mbili ziliondoka bila ubishi. Zilizobaki zikagoma katakata. Na mdogo wangu, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, akaendelea kulala kando ya mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, akitoka hapo kila mara amepauka zaidi ya alivyoingia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba chakula ndiyo kazi yangu. Mwaka wa ishirini na sita huu naongoza jiko la bwalo la chuo: wanafunzi mia nne, masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea, na jina la Bi Mwiko ambalo wanadhani silijui. Siku za nyama nilimwachia msaidizi wangu aonje, mama mmoja tuliyempachika jina la Kasuku kwa kuwa mdomo wake hauna likizo. Maharage, dengu na mchuzi wa karanga niliendelea kuvishika mwenyewe. Ni mimea, nilijiambia. Mimea ndiyo niliyoandikiwa.

Kuonja nilifundishwa na Mama. Yeye alipikia mafundi wa karakana ya treni, katika jiko lenye kidirisha kimoja kilichokuwa cheusi kwa moshi. Alichota mchuzi kwa ncha ya mwiko, akaupuliza, akaudondosha kwenye kiganja changu cha kushoto. "Vipi?" Nami nikalamba, nikafumba macho kama hakimu, nikatoa hukumu: bado chumvi kidogo, au imetosha, au nyanya hazijaiva. Mama hakubisha hata mara moja. Mwaka aliopatwa na mafua makali akapoteza ladha, alipika wiki mbili nzima kwa ulimi wangu, na mafundi wakarudisha sahani nyeupe kama zimeoshwa. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi tena kuwa mtu muhimu kiasi kile.

Na nyumbani kwetu kuonja hakukuhesabiwa kuwa ni kula. Mama aliweza kuzunguka masufuria matano tangu alfajiri, kisha adhuhuri akasema kwa dhati kwamba hajatia kitu kinywani tangu jana, na nyumba nzima ikamwonea huruma. Nilirithi mwiko wake, nikarithi na hesabu yake.

Siku moja ambayo hakuwa na mashine wala vipindi, mdogo wangu alikuja bwaloni. Alikaa mwisho wa meza ndefu, akavuta sinia la maharage, akaanza kuchambua. Nilifurahi kumwona, nikamwekea mto mgongoni. Nilikuwa na mchuzi wa karanga jikoni, sufuria mbili za maharage na moja ya dengu, nikawa naruka huku na huku.

"Dada, leo umekula nini?" aliuliza.

"Bakuli la uji na kipande cha papai. Kaangalie daftari."

"Sikuuliza daftari."

"Basi uliza tumbo, linanguruma tangu saa tatu."

Kasuku alicheka. Mdogo wangu hakucheka, aliendelea kuchambua. Saa saba na nusu, wanafunzi walipoanza kupanga foleni, aliniita. Alikuwa ameweka mfuniko wa sufuria mbele yake, na ndani yake amepanga punje za maharage mistari minne ya kumi kumi, na moja peke yake.

"Ni nini hizi?"

"Ni wewe. Kila ulipolamba kiganja niliweka punje moja."

Nilicheka. "Huko ni kuonja! Nani duniani amewahi kunenepa kwa kuonja?"

"Lete bakuli."

"Mwalimu, nina watu mia nne mlangoni."

"Lete bakuli, Dada."

Nilileta, ili tuyamalize. Aliniamuru nichote vile vile ninavyochota, ncha ya mwiko, mara arobaini na moja, niumwage mchuzi ule wa karanga bakulini. Bakuli lilijaa kabla ya thelathini. Tukaleta la pili. Mafuta ya karanga yalipanda juu yakatulia, ya rangi ya dhahabu. Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alinyamaza.

"Ulianza lini kunihesabu?" nilimuuliza, na nilimuuliza kwa ukali, maana nilikuwa nimeumbuka mbele ya jiko langu.

"Nikiwa na miaka mitano. Mama hakunionjesha hata siku moja. Nilikaa kizingitini nikihesabu unapewa mara ngapi." Akapangusa mikono. "Hesabu nilijifunzia pale. Shuleni nilienda kupata cheti tu."

Alisema kwa utani, lakini sikuweza kucheka naye. Miaka arobaini na kitu, na kamwe haikunijia kwamba kizingitini pale palikuwa na mtu.

Kesho yake nilianza kupika bila kuonja. Niliona ni jambo dogo. Mchana wa kwanza dengu zilitoka na chumvi ya kuhifadhia ngozi, wa pili maharage hayakuwa na chumvi kabisa, na wa tatu mwanafunzi mmoja alimuuliza Kasuku kwa heshima zote kama Bi Mwiko amestaafu. Mkono wangu ulikuwa unainuka wenyewe kuelekea kinywani, naurudisha, unainuka tena. Siku ya nne niliingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Sikulia njaa. Nilikuwa nimemkosa Mama upya, kama amezikwa wiki ile. Arobaini na moja kwa siku nilikuwa naenda kusimama mbele yake, niulizwe "vipi?", na nijibu, na niaminiwe. Hakuna chakula kilichokuwa na ladha hiyo, na ndiyo maana sikushiba.

Nilitoka stoo nikamwita Kasuku. "Toa kiganja."

Alilamba. "Tamu!"

Nikaongeza maji makusudi. "Na sasa?"

"Tamu sana!"

"Kasuku, ungeonja maji ya kuoshea vyombo ungesema tamu."

"Inategemea nani kaosha," alijibu.

Ilinibidi nimfundishe, na sikuwa na maneno, maana mimi mwenyewe sikufundishwa kwa maneno. Nilitafuta. Usimeze haraka. Ngoja chumvi ifike nyuma ya ulimi, mbele panadanganya. Nyanya mbichi inauma pembeni, hapa, karibu na magego. Baada ya wiki tatu Kasuku alifumba macho, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Bi Mkubwa, kitunguu kimeungua kidogo kule chini." Nilikoroga. Kweli kilikuwa kimeungua. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa na mwiko mkononi. Badala yake nikamwambia aongeze nyanya.

Daftari langu likaanza kusema kweli, nami nikaanza kukaa mezani kama watu, na sahani yangu, mboga zangu, na mdomo uliotulia kati ya mlo na mlo. Wiki ya kwanza mshale ulisogea nusu kilo. Iliyofuata, kilo nzima. Wiki ya kumi mtaalamu wa lishe alinitazama, akatazama mizani, akapiga kofi moja kama mtoto: sabini na tisa na nusu. Nilimsamehe sauti yake yote.

Daktari alisaini karatasi akatutuma kwenye vipimo vya mwisho. Tulikaa kwenye benchi refu la ukumbini, mdogo wangu na mimi, tumepakata faili zetu. Nilikuwa nimevaa gauni la miaka ya nyuma, lile la kijani, na nilikuwa najiona msichana.

"Ungekuja kunihesabu mapema," nilimtania, "saa hizi ungekuwa unaruka kamba."

Alikuwa anakunja kona ya faili, anaikunjua, anaikunja.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni kuonja. Nilijua wiki ile ile mshale ulipogoma. Mimi nisijue?"

"Wiki saba, mdogo wangu? Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza." Sauti yake ilikuwa chini, lakini haikutetemeka. "Nilijisemea, Dada akishindwa, mizani ndiyo itakuwa imekataa. Hakuna atakayelaumiwa. Wewe utazeeka na figo zako mbili, na mimi sitakuwa nimekuomba kitu."

Watu walipita mbele yetu na chupa zao na barua zao.

"Sasa siku ile ulikuja kwa nini?"

"Niliamka, mvua ilikuwa imenyesha. Jirani alikuwa anafagia maji uani, anapiga mluzi, vibaya kweli, hajui hata wimbo anaoupiga. Nikataka kuishi, Dada. Hivyo tu. Nilitaka mpaka nikaona aibu, ndipo nikavaa viatu nikaja kwako."

Muuguzi alitokeza kichwa mlangoni, akatuita sote wawili kwa pamoja. Nilitangulia kusimama, nikampa mkono ainuke. Aliushika, akabaki amekaa, akiniangalia usoni kama anayesubiri ruhusa.

"Inuka, mama yangu," nikamwambia. "Tunachelewa."