Pipa la Kulinganishia

Walimwita Matone, maana kazi yake ilikuwa kupima maji katika maabara ndogo ya baba yake mdogo. Huyo baba mdogo ndiye aliyemsomesha baada ya baba yake kufariki, kwa hiyo siku aliyotakiwa kumwambia hapana haikuwa siku nyepesi.

Maji yoyote yakipimwa, hulinganishwa na maji yasiyo na kitu. Mtambo wa kuyatengeneza hayo ulipoharibika, baba mdogo alikinga mvua kwenye pipa uani, akasema watalinganisha na hiyo. Na nani angeishuku mvua? Tangu hapo mto wa mji ukawa unatoka safi kila ulipopimwa, safi mpaka Matone akaingiwa na wasiwasi.

Akaazima maji safi ya kweli kwenye maabara nyingine, akapima mto, kisha akapima pipa. Kote asidi ileile, kiasi kilekile. Kumbe miezi yote walikuwa wanatoa sawa kwa sawa, wanapata sifuri, wanaigongea muhuri. Mpime mtoto huku pacha wake amekaa upande wa pili wa mizani, utaapa hana uzito.

Uani, kwenye benchi kando ya pipa, muuzaji wa gesi mpya ya majokofu, ambayo tayari ilikuwa inatumika mjini, alikuwa anasubiri cheti kwamba gesi yake haidhuru mto. Matone alipomweleza alichokiona, baba mdogo akafunga mlango wa maabara.

"Gesi hii inaisha hewani kwa siku chache tu, mwanangu. Kila mtu anajua."

"Gesi ndiyo inaisha, baba. Lakini huko hewani inageuka asidi, inashuka na mvua. Na asidi hiyo haiozi."

"Si ni kidogo tu?"

"Haba na haba hujaza kibaba."

"Haya, leo inamuua nani?"

"Leo simjui. Ndiyo maana nataka tuseme sasa, kabla hatujamjua."

Baba mdogo alishusha sauti. "Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Linganisha na pipa kama siku zote. Hutaki, acha funguo uende. Maabara ni yangu."

Ilimuuma, tena sana, kwa sababu alimpenda mzee huyu na alijua hatanii. Akavua koti jeupe, akaliweka mezani na funguo juu yake.

"Maabara ni yako, baba. Mvua si yako."

Akatoka uani. Pipa lilikuwa zito. Alilisukuma kwa bega mara mbili likagoma, ya tatu likalala. Baba mdogo alifika mbio akakuta limebaki tupu, na hapakuwa na maji mengine ya kudanganyia mizani. Maji yalikuwa yanatambaa chini ya benchi, na muuza gesi ameinua miguu, viatu vimeshalowa.

"Nini hiki sasa, dada?"

"Gesi yako," Matone alisema. "Imerudi."