Zamu ya Bibi Stempu

Kwa miaka kumi na saba, kila ilipofika Siku ya Ushairi, ukumbi wa maktaba ulijaa pomoni kwa sababu ya watu wawili. Mmoja alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu, aliyebandikwa jina la Bwana Nukta kwa jinsi alivyokuwa haachi hata kituo kimoja kimpite. Wa pili alikuwa karani wa posta, mjane mwenye ulimi mwepesi, ambaye kila mtu alimwita Bibi Stempu. Huyu akitupa ubeti, yule anaurudisha papo hapo, na watu wanacheka hadi wanashika mbavu. Hakuna aliyejua kwamba Bwana Nukta alihesabu siku za mwaka mzima kwa ajili ya ile nusu saa. Bibi Stempu mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

Kisha kiharusi kikampokonya Bibi Stempu sauti na mkono wa kuandikia. Miaka miwili Bwana Nukta alikwenda kwenye sherehe peke yake, akasoma mashairi kama mtu anayesoma tangazo, akarudi nyumbani mapema. Mwaka wa tatu, katibu wa sherehe alipompigia simu, nusura akatae. Alikubali shingo upande, na asubuhi ya siku yenyewe akavaa koti lake, akaenda kwanza kumjulia hali mwenzake.

Binti wa Bibi Stempu, fundi cherehani, alimfungulia mlango, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Shikamoo mjomba. Karibu, yuko macho."

Mama alikuwa kitandani, ameegemezwa mito. Bwana Nukta alimsimulia habari za kiwandani hadi zikamwishia, ndipo akatoa karatasi mfukoni. Alisema ameandika kidogo tu, si kitu cha maana. Akaanza:

"Nimefika ukumbini, wengi wamejazana..."

Kidole cha mkono wa kushoto wa Bibi Stempu kilikuwa kikigonga shuka, silabi kwa silabi. Mwishoni kikabaki juu, hakishuki. Akarudia mstari. Kikabaki juu tena. Binti akadhani mama anataka maji. Bwana Nukta akahesabu kimoyomoyo, uso ukamwaka moto: kipande cha pili kilikuwa na mizani saba badala ya nane. Yeye, aliyekula mshahara maisha yake yote kwa kukamata makosa ya wenzake!

"Wageni wamejazana," alisema.

Kidole kikashuka. Nusu ya mdomo wa Bibi Stempu ikacheka.

Baada ya hapo Bwana Nukta hakutaka kuondoka. Alisema sherehe haitapungukiwa kitu asipokwenda, na kwamba vijana wa siku hizi wana mashairi yao. Bibi Stempu akamwonyesha mlango kwa kidole kile kile. Akatii. Walikubaliana na binti kwamba simu iachwe wazi, mama naye asikie.

Ukumbini alisoma:

"Nimefika ukumbini, wageni wamejazana,
Kiti chako ki pembeni, nimekitazama sana."

Hapo akanyamaza kwa mazoea, maana ndipo ilipokuwa ikianza zamu ya mwenzake. Watu wakatazamana. Katibu akamsogelea, akamnong'oneza akiuliza kama amesahau. Hakuwa amesahau. Alisubiri kitambo, kisha akashuka jukwaani huku makofi yakimfuata.

Nje, simu ilikuwa bado hewani. Binti alimwambia kwamba mama amesikia kila neno.

"Na uliponyamaza, mjomba, akaanza kugonga. Nikahesabu. Kumi na sita, halafu akatulia."

"Una hakika?"

"Kumi na sita kamili."

Mstari mzima. Bibi Stempu alikuwa amemjibu, na jibu lilikuwa limefungiwa kichwani mwake. Bwana Nukta alisimama kwenye ngazi za maktaba, watu wakimpita, akiutamani mstari ule mmoja kuliko vitabu vyote vilivyokuwa nyuma yake.

Tangu hapo kila Jumamosi humpelekea mstari anaoukisia. Bibi Stempu hugonga akiufuata, na likija neno lisilo lake hutikisa kichwa. Mingine hukataliwa kwenye silabi ya pili, na binti huinamia cherehani asionekane anacheka. Jumamosi iliyopita kidole kilifika kumi na mbili. Bwana Nukta akasoma tena, taratibu, na kidole kikamfuata tena hadi kumi na mbili. Kisha kichwa kikatikisika.

Akakunja karatasi, akauliza kama angeweza kuja kesho, asingoje Jumamosi. Binti alisema mama hana safari.