Dakika ya Kunyamaza

Watu wa magulio ya pamba waliijua sauti ya Rhoda kabla ya kuujua uso wake. Kila asubuhi aliketi katika chumba cha redio cha kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kuita kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka Lingeka, Bariadi hapa, ova." Na kutoka Lingeka, mbali kule Meatu, karani aitwaye Athanasi alijibu, "Mwangaluka Bariadi wangu." Makarani wa vituo vingine walikuwa wakisikiliza, wakacheka. Rhoda naye alicheka, lakini neno lile "wangu" alikwenda nalo nyumbani Somanda kila jioni.

Walikuwa wameonana mara chache tu, kila msimu ulipofungwa. Mara ya mwisho Athanasi alimsindikiza hadi karibu na kwao, akamwambia, "Pamba ya mwaka huu ikiisha, nitatuma washenga kwa baba yako." Rhoda hakumwambia mtu. Alianza tu kushona vitambaa vya meza.

Ilikuwa miaka ile ambayo chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee. Makampuni ya watu binafsi yalikuwa yamejaa kila kijiji, kila moja likigombea pamba, na kwa kugombea huko hakuna aliyethubutu kumrudisha mkulima nyumbani na mzigo wake. Hata pamba iliyomwagiwa maji ili iongezeke uzito ilipokelewa. Matokeo yake, mbegu zilizorundikwa kwenye maghala zilikuwa na unyevunyevu, zikapata joto zenyewe kwa ndani. Kampuni jirani ilikuwa imeunguliwa na ghala zima. Ndipo Mzee Shigela, meneja wa kiwanda alichofanya kazi Rhoda, alipomleta fundi kutoka Mwanza, msichana mmoja mrefu jina lake Stephania, pamoja na sanduku la vikopo vidogo vyenye kupima joto. Na ili fundi asifanye kazi peke yake, akamwita Athanasi kutoka Lingeka awe msaidizi wake.

Rhoda aliposikia habari hiyo alisuka nywele upya.

Athanasi alifika, akamsalimia vizuri, akamletea na karanga. Kisha akaingia maghalani na Stephania, na hapo ndipo alipokaa. Asubuhi walikuwa juu ya marundo ya mbegu wakifukia vikopo. Mchana walikula pamoja kwa mama ntilie, kwa sababu kazi haikuwapa nafasi ya kwenda mbali. Jioni walirudi nywele zao zimejaa nyuzi nyeupe za pamba, wote wawili sawasawa, na Rhoda aliwaona dirishani wakipukutana.

Siku moja Stephania aliweka kisanduku na kompyuta kwenye meza ya chumba cha redio.

"Dada Rhoda, hiki ndicho kinachopokea," alisema. "Vile vikopo vinatumia betri mbili za tochi tu kwa msimu mzima, kwa hiyo muda mwingi vimelala. Kila saa inapotimia vinaamka vyote pamoja, vinanong'onezana. Cha ghala la mbali kinampa jirani yake namba za joto, jirani anampa mwingine, mpaka zinafika hapa. Halafu vinalala tena."

"Vizuri," alisema Rhoda.

"Ila sauti yao ni ndogo sana, na redio yako ina nguvu. Ukibonyeza kitufe wakati vinanong'ona, hiki kisanduku hakisikii kitu. Nakuomba, saa ikitimia, unyamaze dakika moja tu."

"Ninyamaze? Humu chumbani mwangu?"

Athanasi alikuwa mlangoni. Akacheka kidogo. "Dakika moja tu, Rhoda. Injinia wangu hataki makuu."

Injinia wangu. Rhoda aliinamisha macho kwenye meza. Alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa nguo yake, akaiona mwilini mwa mwenzake.

Kesho yake, saa ilipotimia, aliita Lingeka. Karani mpya wa huko hakuwa na jambo la kusema. Rhoda akamuuliza habari za mvua, habari za ng'ombe, habari za barabara, kidole chake hakikuachia kitufe. Kwenye kompyuta mstari wa namba ulibaki mtupu. Aliufurahia utupu ule kama mtu anayekuna kipele.

Lakini furaha yake ilimgeukia. Namba zilipokosekana, Stephania alidhani vikopo vina kasoro, akamchukua Athanasi wakarudi maghalani kuvikagua kimoja kimoja. Walikaa humo mpaka jua likazama. Rhoda aliwasubiri getini bila sababu. Walipotoka walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, ya watu waliochoka pamoja, na Athanasi alimpungia mkono tu.

Basi kesho yake akafanya tena, kwa hasira. Nao wakarudi maghalani tena. Kadiri Rhoda alivyozidi kuvifunika vile vikopo kwa sauti yake, ndivyo wale wawili walivyozidi kuwa pamoja. Alilijua hilo, na bado hakuweza kujizuia. Saa ilipokaribia, mkono wake ulijikuta umeshika kipaza sauti.

"Dada Rhoda, unanyamaza kweli?" Stephania alimuuliza siku moja, bila ubaya.

"Ungekuwa unakaa humu ungejua," Rhoda alimjibu. "Lakini wewe makao yako ni ghalani."

Stephania alimtazama kidogo, akatoka.

Jumamosi moja namba hazikuonekana asubuhi nzima. Kwa kuwa walikwisha zoea, hakuna aliyeshtuka. Stephania na Athanasi walichukua betri mpya, wakaanza na ghala la nyuma kama kawaida. Walikuwa bado huko wapakiaji walipopiga kelele. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa ghala la tatu.

Rhoda alikimbia uani. Alimwona Athanasi akiingia ndani na koleo, akitoka anakohoa, akiingia tena, akivuta magunia yaliyokuwa yanafuka. Alipoanguka mlangoni, wa kwanza kumfikia alikuwa Stephania, akammwagia maji kwenye mikono iliyoungua. Moto ulizimwa, lakini mbegu zote za ghala lile, ambazo wakulima walizisubiri kupanda, ziliharibika. Athanasi alipelekwa hospitali. Alirudi alasiri, mikono yote miwili imefungwa bandeji.

Mzee Shigela aliwakusanya kwenye chumba cha redio.

"Vikopo vimenigharimu, na havikusema neno!" alimwambia Stephania. "Funga virago vyako, binti. Kesho urudi Mwanza."

Rhoda alisimama kando ya redio yake. Jambo alilolitamani kwa muda wote huo lilikuwa limefika. Kilichobaki ni kunyamaza tu.

"Mzee, usimfukuze," alisema Athanasi. "Kosa ni langu. Kukagua ilikuwa kazi yangu. Nifukuze mimi."

Stephania alianza kulia. Athanasi akainua mkono wake wenye bandeji, akauweka begani kwa Stephania.

Hapo Rhoda akashindwa. Haikuwa huruma, wala haki. Hakuweza kuvumilia kuona mtu yule anajitwika mzigo kwa ajili ya mwanamke mwingine.

"Si yeye," alisema. "Wala si Stephania. Ni mimi. Kila vilipoamka nilibonyeza kitufe. Nilikuwa nasema upuuzi ili visisikike."

Mzee Shigela alikaa chini. "Kwa nini, binti yangu?"

Rhoda alikuwa anamtazama Athanasi, na Athanasi alikuwa amekwisha elewa.

Rhoda aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Jumapili Athanasi alikwenda Somanda, akakataa kiti.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema. "Neno moja tu."

"Ningekuuliza ungesema kweli?"

"Kweli ilikuwa kwamba sikuwa na kitu naye. Nilikuwa nangoja msimu uishe."

"Na sasa?"

Athanasi aliitazama mikono yake yenye bandeji. "Sasa sijui," alisema. "Ila washenga siwatumi."

Mwaka uliofuata alimwoa Stephania. Rhoda alipata habari hizo akiwa Lamadi, kando ya ziwa, kwa shangazi yake Milembe, walikokuwa wanaanika dagaa pamoja. Aliendelea kugeuza dagaa mpaka jua likatua, shangazi akamwacha.

Baadaye Rhoda aliolewa na mvuvi mmoja wa hukohuko, Ngeleja, mtu mpole asiye na maneno mengi. Siku za mwanzo, mume wake alipochelewa, moto uleule wa wivu ulimpanda. Lakini hakukaa nao tena kimya. Alimfuata mpaka mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, akamuuliza mbele ya watu: "Ulikuwa wapi, na nani?" Wavuvi walicheka. Ngeleja alimtajia jina la kila mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi, pole pole, na Rhoda alisikiliza mpaka jina la mwisho.