Farasi Walioshiba Jumapili

Atlee Hostetler alikuwa mnyenyekevu, na hakuchoka kuwaambia watu hivyo. Basi zamu ya kuandaa ibada, iliyozunguka nyumba kwa nyumba, ilipofika kwake, hakupaka nyumba rangi wala hakushona koti jipya. Aliwasugua tu farasi wake wanne wa plau mpaka wakang'aa kama shaba, kisha akaacha mlango wa zizi wazi, ati wapate hewa.

Jumamosi jioni mkewe, Saloma, alimkuta akiwajazia shayiri pomoni.

"Kesho hawafanyi kazi," akasema. "Siku ya mapumziko tunawapa nusu, na majani makavu tele. Si wewe uliyenifundisha?"

"Unataka wageni waje waone mbavu?"

"Mbavu zenyewe zilionekana lini mara ya mwisho?"

Atlee akaongeza kopo jingine. Jumapili asubuhi akarudia, na jioni vilevile.

Baada ya ibada na chakula wanaume walikaa wakizungumzia mvua. Atlee alingoja weee, mwisho akamwomba shemasi aje amtazamie bawaba ya mlango wa zizi. Shemasi akaja, akaikagua bawaba kwa makini, akasema ni nzima, akarudi kwenye kahawa yake.

Jumatatu Atlee akaanza kulima shamba la kando ya barabara, ingawa la bondeni ndilo lililokuwa tayari. Hata mstari wa tatu haukwisha. Dan, farasi wake mkubwa kuliko wote, alilowa jasho, akaburuta miguu ya nyuma, akasimama. Mapaja yake yalikuwa magumu kama gogo. Akakojoa mkojo mweusi.

Atlee akakamata hatamu amrudishe zizini kabla mtu hajapita.

"Usimsogeze hata hatua moja." Alikuwa Lovina Yutzy, mjane wa jirani, aliyesimamisha kigari chake cha farasi barabarani. Akavuka mtaro, akampapasa Dan kiunoni. "Jana alikula nini?"

"Cha kawaida."

"Atlee."

"Makopo manne. Kila mlo."

"Na amesimama tu kutwa? Ndugu yangu, umemlisha kama wa vitani, halafu vita vyenyewe hakuna; shayiri nyingi bila kazi ndiyo imemkaza misuli. Lete blanketi na maji. Mimi namfuata daktari wa mifugo."

Atlee akasimama pale tangu saa tatu mpaka saa nane, na kila kigari kilichokwenda kwa mhunzi kilipunguza mwendo. Watu ambao jana hawakutupa hata jicho, leo walishuka kabisa. Shemasi naye akashuka.

"Kumbe ni farasi mzuri," akasema.

Dan alipona, lakini wiki mbili hakuvaa lijamu. Wenzake watatu walikula majani makavu tu. Lovina akamwazima Atlee majike wake wawili wembamba, na shamba likalimika. Saloma akalichukua pipa la shayiri chini ya mamlaka yake, wala Atlee hakubisha. Kila jioni alimkanda Dan mapaja kwa taulo la moto, na mtu akimuuliza kimetokea nini, alijibu: "Nilimlisha vibaya."