Baba Aliyegoma Kizingitini

Kaari hakutaka kuigiza. Mwalimu Mbaabu alimfuata hadi kwenye handaki ambalo wanawake walikuwa wakilichimba kwa amri ya chifu.

"Mama Kinya, wewe huhitaji kufundishwa kungoja."

Neno lilimuuma, lakini lilikuwa kweli. Mumewe, Marete, aliingia msituni mwaka wa hamsini na tatu, na huu ulikuwa wa hamsini na sita. Yu hai au amekufa? Hakuna aliyemwambia. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Kulia hawezi, huenda mtu bado anapumua. Na hata angejua, kumlilia mtu wa msituni ndani ya kijiji kile cha Hali ya Hatari, kilichozungushiwa miti iliyochongoka, kulikuwa ni kuita kiboko.

Akakubali.

Mchezo wenyewe Mbaabu aliutoa katika riwaya kuukuu ya Kiingereza, habari za jamaa moja ambayo baba yao amekwenda vitani, na sura ya mwisho anarudi. "Vita vya Wazungu wa kale vitamliza nani hapa Githongo?" alisema. Akaiondoa theluji, akaweka kahawa na kafyu. Baba akawa mtu aliyetoka kizuizini. Bwana DO, ofisa Mzungu wa wilaya, alitafsiriwa mchezo, akaupenda. Baba aliyetubu ni habari njema kwa serikali.

Wanaume waliobaki kijijini walikuwa wazee na mahomgadi, askari wa kijiji waliotumwa na serikali kuwasaka watu wa msituni, kwa hiyo baba akawa Thuranira, homgadi mwenye mabega mapana.

"Mume gani huyu, ananuka ugoro!" alisema Cicily, aliyeigiza nyanya.

"Nyamaza, nyanya. Meno huna, pua umeitoa wapi?"

Mazoezini walicheka hivyo. Lakini kila Thuranira alipofika kwenye miti miwili iliyosimamishwa kuwa mlango, alisimama.

"Ingia, bwana! Kitabuni aliingia!"

"Mwalimu, miguu inakataa."

"Na msituni ilikuwa haikatai?" Mbaabu akauliza.

Hapo hakucheka mtu. Thuranira alitazama chini.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi alasiri. Bwana DO aliketi kitini, chifu upande mmoja, mkalimani Rwamba upande wa pili, na kijiji kizima chini kwenye vumbi. Baba akaja. Akasimama palepale mlangoni.

"Karibu nyumbani, baba watoto," Kaari akasema maneno yake.

Kisha Thuranira akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya taratibu. Ilimwita Kaari kwa jina ambalo Marete alimwitia wakiwa wawili tu.

"Siingii," ilisema kwa Kimeru. "Nililala kule juu, chini ya mti wa mwiri, mwaka uleule wa kwanza. Aliyenipiga risasi ndiye huyu ninayesema kwa kinywa chake. Alinifunika kwa matawi. Usiningoje."

Kaari alimtazama usoni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona, kama ya mtu anayeota. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

Kaari akapiga yowe, na lile halikuwa yowe la mchezo. Cicily akalipokea. Likashuka kwa wanawake waliokaa vumbini, mmoja baada ya mwingine, maana nani kati yao hakuwa na mtu msituni au kambini? Mbaabu alipekua karatasi zake, akitafuta mahali palipoandikwa hivyo.

"Wanasema nini?" Bwana DO akauliza.

Rwamba aliwatazama wanawake. Kaka yake naye hakuwa amerudi. "Wanafurahi, Bwana. Baba amefika."

Bwana DO akapiga makofi. Chifu, ambaye alikuwa ameelewa kila neno, alimkazia Rwamba macho kwa muda. Kisha naye akapiga makofi.

Watu walipotawanyika, Thuranira alimshika Mbaabu mkono. "Mwalimu, nilisema nini? Mbona Mama Kinya ananitazama hivyo?"

Mbaabu akakunja karatasi zake, akaondoka. Nyuma ya nyumba yake, Kaari alikuwa ameketi chini, kichwa ameinamisha, na Cicily akimnyoa nywele kwa wembe, kama anyolewavyo mjane.

"Wakikuuliza?" Cicily alinong'ona.

"Nitawaambia ni chawa. Wewe nyoa."