Talaka Iliyobaki

Warda binti Sadick alikuwa mke wa talaka moja. Mumewe, Abilahi, alishatoa mbili katika ndoa yao, zote kwa hasira, na zote alizijutia kabla ya kulala akamrejea ndani ya eda, kama dini inavyoruhusu. Ya kwanza ililetwa na wivu wa ujana usio na kichwa wala miguu. Ya pili ilikuja kwa sababu Warda alikwenda Lindi kwenye unyago wa binti wa shoga yake bila kuaga. Ikabaki moja. Hiyo ikitoka, hakuna tena kurejeana mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwingine, waishi kweli kama mke na mume, waachane kwa mambo yao wenyewe.

Mtaa mzima pale Kilwa Masoko ulilijua hilo. Mashoga zake walimtania barazani, "Shoga, mpikie vizuri huyo, imebaki moja!" Warda alicheka nao, lakini akirudi ndani alikuwa akijichunga kwa kila neno. Mwanamke wa talaka moja hajibu kila analoambiwa.

Abilahi si mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Ni dalali wa ufuta. Msimu ukifika huhamia Mtama, na kila jioni humpigia mkewe amuulize amekula nini. Hasira zake huja kwa pupa na kuondoka kwa machozi. Kosa lake ni ulimi, na ulimi wa mume, wenzetu mnajua, una mamlaka ambayo ingekuwa heri angekuwa nayo mtu mwenye subira.

Ilikuwa msimu wa ufuta. Warda alikuwa kwenye cherehani yake, na mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, ambaye aliishi nao, alikuwa akichambua mchele. Simu ikalia. Katika kundi la ukoo kulikuwa na namba ngeni iliyoandika, "Mimi Abilahi, laini yangu ina matatizo," na chini yake ujumbe wa sauti. Warda akaubonyeza bila wasiwasi.

"Asalaam alaykum. Mbele yenu nyote mliomo humu, mke wangu Warda binti Sadick nimemwacha. Ile iliyobaki nimeitoa leo."

Ilikuwa sauti ya Abilahi. Hata kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo kilikuwemo. Bi Mwanaidi aliuacha mchele ukamwagika, akashika kichwa. "Mwanangu kaingiwa na shetani gani?" Huko kundini, Samia, dada yake Abilahi aliyeko Lindi, alikuwa ameshaandika *inna lillahi*, utadhani kuna maiti.

Abilahi alipopiga kwa namba yake ya siku zote alikuwa analia. Hakusema neno lolote, alisema. Hata hiyo namba haijui. Kuna watu siku hizi wanachukua sauti ya mtu na kuisemesha wanachotaka. Si kule Mitole ilisikika sauti ya mwenyekiti akiwatukana wanakijiji wake, na mwenyewe yuko hospitali hata kinywa hafungui?

Warda alimsikiliza mpaka mwisho. "Na nitajuaje," akauliza, "kwamba huyu anayeongea sasa ndiye wewe?"

Kabla Abilahi hajajibu, Warda akakata simu kwa hofu.

Abilahi alifika kesho yake na vumbi la safari. Warda hakumruhusu kuvuka kizingiti. Alijifunika ushungi mpaka machoni kama mbele ya mwanamume wa kando, akazungumza naye kupitia kwa Bi Mwanaidi. Ndipo akaitwa Shehe Salumu, mzee aliyewafungisha ndoa, na ukoo ukajaa sebuleni. Abilahi alitia udhu, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwamba ile sauti si yake na maneno yale hayakutoka kinywani mwake. Aliapa huku anatetemeka, na kila aliyemwona alijua anasema kweli.

Shehe Salumu akatoa uamuzi. "Ndoa ipo. Na kuanzia leo, ukoo huu usipokee talaka wala posa kwa sauti ya simu, hata ikiwa sauti ya nani. Sauti si mtu tena."

Wanawake walipiga vigelegele. Bi Mwanaidi alipika pilau. Aliyetuma ule ujumbe hakujulikana, na hajulikani mpaka leo, wala sababu yake.

Ndoa ilirudi, lakini Warda hakurudi mzima. Ule ujumbe hakuufuta. Abilahi akiwa safarini, alijifungia chumbani akausikiliza tena na tena, akitafuta mahali pa kusema, hapa, hapa si yeye. Hakupaona. Kila pumzi ilikuwa ya mumewe. Akawa anaogopa hata akiitwa kwa upendo, maana kinywa kilichosema "mke wangu" mezani kilikuwa na sauti ileile iliyosema "nimemwacha." Bi Mwanaidi alimsikia zaidi ya mara moja kupitia dirishani. "Achana na lidudu hilo, mwanangu," alimwambia. "Litakutia wazimu."

Ndipo siku moja baada ya adhuhuri Abilahi akarudi kutoka msikitini mapema kuliko kawaida, akamkuta na simu sikioni.

"Bado unalo?" akauliza. "Niliapa, Warda. Kwa Msahafu niliapa!"

Hapo angenyamaza. Miaka yote amenyamaza. Lakini hofu ikikaa moyoni muda mrefu hugeuka kuwa ulimi, na Warda akasema alichokuwa akikiogopa. "Hata kama ungekuwa umeisema, ungeapa vilevile."

Abilahi alibadilika rangi. Kuitwa mwapaji wa uongo ndani ya nyumba yake, na mwanamke ambaye kwa ajili yake aliapa mbele ya ukoo mzima! Pupa ikampanda.

"Unataka kuisikia? Haya, isikie kwa kinywa changu. Nimekuacha, Warda! Ile iliyobaki, chukua!"

Nje, Bi Mwanaidi alikuwa akikuna nazi. Mbuzi ikanyamaza.

Abilahi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kama anayeweza kuyarudisha. Warda alivuta ushungi taratibu akajifunika.

"Sijasema," Abilahi akanong'ona.

"Umesema."

"Sijasema kitu. Wewe ulikuwa unasikiliza simu." Akaikodolea macho ile simu kitandani, na Warda akaona wazo likimwingia. Abilahi alikuwa na hofu kama ya Warda, lakini hofu ya Abilahi ilikuwa imepata mlango wa kutokea. "Ulikuwa unasikiliza ile sauti," akarudia, safari hii kwa nguvu zaidi. "Hiyo ndiyo uliyoisikia."

Warda alikimbilia uani. "Mama! Umesikia?"

Bi Mwanaidi alikuwa ameshika kifuu mkononi, machozi yanamlengalenga. Alimpenda Warda kama mtoto wa kumzaa, na ndiyo sababu hasa hakutaka kumpoteza. "Nimesikia sauti ya mwanangu," alisema. "Lakini hiyo mbona naisikia siku zote humo chumbani, na yeye yuko Mtama? Nitaapaje mimi, Warda? Nitaapa nimemsikia nani?"

Kwa Shehe Salumu mambo yalikwisha upesi. Mzee hakumwapisha Abilahi mara ya pili. Aliyeapa kweli jana, ya nini kumsumbua leo? Alimtazama Warda kwa huruma, akasema ni wasiwasi, shetani huingia kwenye masikio ya mtu aliyeumizwa. Akamsomea dua, akampa maji ya kunywa. Abilahi alikuwa amekaa pembeni anatazama mkeka. Hakulazimika kusema uongo hata mmoja.

Warda akahamia chumbani kwa Bi Mwanaidi akisingizia homa. Mbele za watu ni mke. Mbele ya Mungu ni mwanamke aliyeachwa, na mwanamume yule si wake, na kumgusa ni zinaa. Alimpigia kaka yake Abdulwahab, aliyekuwa Kinjumbi. Kaka alisema hawezi kumpokea mwanamke aliyekimbia ndoa ambayo shehe ameisimamisha. Alete ushahidi, atakuja kumchukua yeye mwenyewe.

Ushahidi. Basi jioni moja akamfuata Abilahi barazani, simu imefichwa ndani ya kanga, inanasa sauti.

"Tuko wawili tu," alimwambia. "Usinitie wazimu. Ulisema, au hukusema?"

Mabega yakamlegea Abilahi, akalia kama alivyozoea kulia. "Nilisema, Warda. Mungu ananijua, nilisema. Lakini nikikiri watakuchukua. Utaolewa na mtu mwingine nami natazama. Siwezi. Dhambi yake nitaibeba mimi."

"Na yangu nani ataibeba?"

Warda aliinuka, akaenda uani kwa furaha iliyomtia aibu. Alikuwa amepata. Akaituma ile rekodi kwenye kundi la ukoo, mbele ya wote walioshuhudia kiapo, akangoja.

Samia alikuwa wa kwanza. "Wamerudi tena hao! Safari hii wameweka na sauti ya Warda. Jamani, wanaiga mpaka kilio!"

"Msiisambaze," aliandika mjomba mmoja. "Futeni."

Shehe Salumu hakuandika mengi. "Habari ya sauti tulishaimaliza."

Warda aliandika vidole vikiteleza. "Ni mimi. Ni mimi Warda, nimeirekodi mwenyewe sasa hivi. Mwacheni mwenyewe aseme."

Abilahi alikuwemo kundini. Warda aliona jina lake, aliona kwamba ameusoma ujumbe. Hakuandika kitu.

"Simu ya wifi imeingiliwa," akaandika Samia. "Mtoeni kwanza, tutamrudisha ikitengenezwa."

Wakamtoa. Alimpigia Abdulwahab, akapokea, akasikiliza dada yake akilia na kuapa, na mwisho akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa, "Wewe ni nani?" Kisha akakata.

Warda alikuwa bado ameishika simu sikioni Bi Mwanaidi alipotoka, ameshasomewa yaliyomo kundini. Alimkumbatia, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake, akaichukua ile simu taratibu akaizima.

"Hao waigaji wa sauti wanataka kuivunja nyumba yetu," alisema. "Hawataiweza. Homa imekwisha, mwanangu, hakuna homa. Twende."

Warda alijaribu kusema, lakini kila neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshasikika, na kila mtu alikuwa amelikataa. Alijivuta nyuma. Bi Mwanaidi, kwa upendo wote aliokuwa nao, alimshika mkono kwa nguvu zaidi, akampitisha ukumbini, akamwingiza chumbani alimokuwa Abilahi, akawafungia mlango.