Sauti ya Mswidi

Ijumaa ya mwisho ya Serah hapa Dubai, tulirudi chumbani kutoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, tukajipanga vitandani kutazama sinema ya Kiswidi. Serah alipewa diski hiyo na mgeni wa hoteli aliyokuwa akisafisha vyumba vyake. Haikuwa na maandishi ya tafsiri, lakini tulikuwa na Zedekiya.

Zedekiya alikuwa mlinzi wa ghala kule Ras Al Khor. Chumba chetu cha Al Baraha kilikuwa cha wanawake. Yeye tulimruhusu Ijumaa mchana, mlango ukiwa wazi. Kwao Jinja alikuwa akitafsiri sinema kwenye kibanda cha video, na hakuwahi kujua hata lugha moja kati ya hizo alizotafsiri. Alitunga tu, na kibanda kilijaa. Mdomo wote huo, ila kumwambia Serah kwamba anampenda kulimshinda mwaka mzima. Mimi Fridah nilikuwa nimechoka kumwona akimeza mate. Jumapili Serah angerudi Nyahururu kabisa, akatunze ng'ombe wa mama yake.

Sinema ikaanza. Malisho ya kijani, ukungu, nyumba nyekundu ya mbao, mwanamume anakamua. Kiyoyozi kilinguruma, na baridi yake ikawa kama inatoka kwenye ukungu ule. Nikasahau kabisa joto la nje.

"Aki ni kama kwetu," Serah akasema polepole, huku akikunja nguo zake.

Yule mwanamume akamsogelea mwanamke wa mjini aliyeshika sanduku. Midomo ikacheza. Zedekiya akatoa sauti nzito: "Mimi sina ng'ombe, sina shamba. Lakini kukamua najua. Nilikuwa nakamua ng'ombe ya nyanya yangu."

"Ala! Hana ng'ombe na amesimama katikati yao?" nikauliza.

"Fridah, wewe nyamaza kidogo," Serah akasema.

Ndipo nikaelewa kwamba Zedekiya anajisemea mwenyewe, nikatii, jambo ambalo si kawaida yangu. Serah alikuwa ameacha kukunja nguo.

Mwanamke akapanda treni. Mwanamume akabaki stesheni akisema maneno mengi, na Zedekiya hakumtafsiria hata moja. Treni ikaanza kuondoka. Nilitamani kumfinya Zedekiya.

Mwanamke akatoa kichwa dirishani, akafungua kinywa. Serah akamsemea.

"Kontrakti yako inaisha lini?"

Hakuna aliyecheka.

"Desemba," Zedekiya akajibu, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

"Basi uje Desemba. Mama ataamka alfajiri akuone ukikamua, na kama umedanganya atajua."

Treni ikapotelea kwenye miti. Yule Mswidi akabaki analia peke yake, hana wa kumtafsiria, maana Zedekiya hakuwa akitazama sinema tena. Nikamsaidia kulia mimi.